Bakuli Mdomoni mwa Birika

Sakafu ilikuwa imelowa.

Dorsaf alisimama kizingitini, ufunguo ungali mkononi, akaitazama. Nyumba hii ilifungwa tangu yeye anavaa sare ya shule. Warithi wake walihamia mji mkuu na hawakupenda hata kusikia ikitajwa. Maji ya bomba yalikatwa zamani. Mvua ya mwisho watu wa Mahdia walishaisahau. Na bado vigae vya uani viling'aa kama vimetoka kupigwa deki sasa hivi. Alama za tambara zilionekana wazi, nusu duara juu ya nusu duara, zikirudi kinyumenyume kutoka mlangoni, zikapita katikati ya ua, zikaishia kwenye mdomo wa birika, lile tangi la maji ya mvua lililochimbwa chini ya ua. Aliyepiga deki alikuwa ameingia humo na tambara lake.

Kisha harufu: maji ya maua ya mchungwa, yale yanayodondoshwa kwenye kahawa ya mgeni wa heshima, na chini yake ubaridi wa maji yaliyolala gizani miaka mingi.

"Unyevu tu," alijiambia.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa na shahada mbili za elimu ya maji ya ardhini, zote zimetundikwa kwenye ukuta wa gereji anamoishi na mama yake, zinafunika ufa. Serikali ilimsomesha ajue maji yanapita wapi chini ya mawe, halafu ikamwacha ambebee funguo Mzee Bashir, dalali wa nyumba ambaye magoti yamemgomea, apande ngazi kuwaonyesha wenye pesa bahari inaonekana kutoka choo kipi.

Hakutoa salamu. Dalali wa Mahdia huingia nyumba kongwe kimya, mguu wa kushoto, kama mtu aliyekosea mlango, kwa sababu nyumba za mji wa kale zina wenyewe. Wenye nyumba, watu huwaita hivyo, wala hawaongezi neno. Anayewasalimu ni mnunuzi, na mnunuzi haji mikono mitupu. Huja na bakuli la bsisa, ule unga wa nafaka zilizokaangwa uliokandwa kwa mafuta ya zeituni, analiweka kwa mkono wake mwenyewe mdomoni mwa birika kabla godoro halijaingia, ndipo anasema lake. Dorsaf alilielewa jambo hilo upesi sana. Hongo. Nchi hii hata majini hawasogezi faili bila kulainishwa mkono.

Pembeni ya birika palikuwa na jozi ya mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kuendea hamamu. Midogo, ya mwanamke. Imepangwa sawasawa, ncha zikielekea mlangoni.

Ilikuwa saa ya jua la utosi, saa ambayo mji mzima hufunga madirisha na kulala, na hata paka hawavuki njia. Watoto wa huko hawatishwi na usiku. Hutishwa na saa hiyo.

Dorsaf alirudi nyuma, akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili. Akatembea haraka, bila kugeuka nyuma. Lakini alipofika kwenye kivuli cha ukuta wa makaburi, alijikuta anatabasamu. Jana yake ami yake alikuwa amepiga simu kutoka Marseille.

*

"Laarusi anarudi," alimwambia mama yake jioni ile. "Anatafuta nyumba ya pwani. Mimi ndiye nitakayemtembeza."

Bi Mabruka alikuwa anachambua dagaa kwa ajili ya chakula cha jioni. Mikono haikusimama. "Na akaribie. Mwachie Mungu, mwanangu."

"Mungu nimemwachia tangu niko sekondari, mama. Naona naye kamwachia Mzee Bashir."

"Astaghfirullah! Ulimi huo! Ndiyo maana huolewi."

Kila mtu alijua habari ile, ila Bi Mabruka hakuwahi kuisimulia. Nyumba ya babu, kule rasini, ilikuwa ya ndugu wawili. Mukhtar, baba yake Dorsaf, alikuwa mfumaji wa hariri za maharusi, na vumbi la kazi lilimla kifua. Alipolazwa, mdogo wake Laarusi alikwenda na karatasi kitandani, akamwambia ni za matibabu, asaini. Mukhtar akasaini huku amevaa barakoa ya hewa. Alipotoka hospitali nyumba ilikuwa imeuzwa, Laarusi amekwishavuka bahari. Mfumaji akahamisha kitanda chake cha kufumia kwenye gereji nyuma ya soko, akafuma na kukohoa humo hadi siku ya mwisho. Ami hakuja maziko. Alisema ndege zimejaa.

Katika yote hayo Bi Mabruka hakumwapiza shemeji yake hata mara moja. Dorsaf alimchukia kidogo kwa hilo.

"Umpeleke kule kwenye mahoteli," mama alisema, kisha akainua macho. "Dorsaf. Usimpeleke Dar Kmar."

"Nani kasema Dar Kmar?"

"Nimekuzaa mimi. Usimpeleke."

Dar Kmar ndiyo nyumba yenye sakafu iliyolowa. Kmar alikuwa binti wa humo, zamani za bibi zao. Kaka yake alimdhulumu fungu lake la urithi akamtupia nguo nje. Basi Kmar alirudi na bakuli, akaliweka mdomoni mwa birika, akasema shida yake, na kitu kilichokuwa mle chini kikamjibu. Kaka mtu alitoka nyumba ile kwa magoti na mikono, ulimi nje, hakusema tena neno lililoeleweka. Kmar akaipata nyumba. Hadithi inaishia hapo, na wote wanaoisimulia huishia hapo, wakitikisa kichwa kwa kuridhika.

*

Ami Laarusi alishuka kwenye gari la kukodi na tumbo lake likatangulia. Nyuma yake mkewe, Sihem, ambaye alitaka kuitwa Madam, akajipepea kwa pasipoti.

"Mtoto wa marehemu ndugu yangu!" Ami akambusu mashavu. "Umekua! Bado hujaolewa?"

"Bado natafuta kazi, ami."

"Itakuja, itakuja. Vijana wa hapa mnapenda kazi za kukaa. Sisi kule tunasulubika."

"Naona, ami. Umekonda."

Madam alicheka kabla hajajizuia.

Waliangalia fleti kwanza, kwenye ukanda wa mahoteli. Madam aliipenda lifti.

"Lifti nzuri sana," Dorsaf alikubali. "Inafanya kazi watalii wakiwepo. Majira ya baridi mtabaki nyinyi, mlinzi na mbwa wa mlinzi. Na kuta hizi, Madam, jirani akipiga chafya unamwombea rehema bila kuinuka kitini."

Kana kwamba amelipwa, mtu upande wa pili akapiga chafya.

"Yarhamukallah," ami akajibu, akageuka kuelekea mlangoni.

Nyumba ya pili ilikuwa jumba jipya kwenye njia ya mashamba ya mizeituni, lenye nguzo mbele kama ukumbi wa harusi. Ami alianza kupiga kifua. Dorsaf alichota maji ya kisima kwa kiganja, akayaonja, akatema.

"Bahari imeshaingia humu chini. Nimesomea haya, ami, si maneno ya mtaani. Utapanda ndimu zitakufa, na figo zako zitafuata."

Hakusema uongo hata mmoja siku ile. Ndilo lililomfurahisha kuliko yote.

"Basi unatushauri nini, binti wa shule?"

"Mji wa kale. Rasini." Akangoja kidogo. "Ila huko wanakaa watu wenye asili. Bei si shida, shida ni nani atakubalika."

"Mimi nisikubalike? Mimi nimezaliwa pale!"

Dar Kmar ilikuwa kavu alasiri ile, vigae vyake vyeupe kama karatasi. Ami alipanda hadi darini, akaona bahari pande tatu, mitumbwi ya taa za ngisi imelala bandarini, makaburi meupe yakiteremka hadi majini, na ng'ambo ya njia, nyumba ya baba yake, ambayo sasa ilikuwa mgahawa wenye miavuli ya njano.

"Watasema Laarusi amerudi rasini," alisema, sauti imelegea. "Baba angefurahi."

Dorsaf aliutazama ule mgahawa. Angefurahi.

Madam alibaki chini, pua juu. "Mbona pananukia maua ya mchungwa? Nani kamwaga?"

"Majirani, Madam."

"Majirani gani? Huku ni ukuta, huku ni makaburi."

Ami aliposhuka alilitazama birika, akakwaruza shingo. "Hii si ndiyo ile nyumba ya… Watu si walikuwa wanaweka bakuli hapa, kwa ajili ya…?"

"Ami!" Dorsaf akapiga makofi kwa mshangao. "Mtu wa Ulaya mzima, uweke unga kwenye shimo? Nikimsimulia Mzee Bashir atakucheka hadi magoti yapone."

"Nani kasema nitaweka? Nauliza tu." Akacheka, akapiga kingo ya marumaru kwa kiganja. "Ushenzi huo niliuacha bandarini."

Chini kabisa, maji yakatikisika, kama mtu aliyegeuka usingizini.

*

Siku moja kabla ya ami kuhamia, Dorsaf aliingia Dar Kmar jua la utosi akiwa na bakuli la kaure la mama yake, lenye samaki wa buluu ndani. Bsisa aliikanda mwenyewe, akaongeza mafuta hadi ikang'aa. Hongo yenye aibu haifanyi kazi. Hilo alijifunza kwenye foleni za kuomba ajira.

Sakafu ilikuwa imelowa tena. Mitalawanda ilikuwa imesogea, sasa iko katikati ya ua.

Aliipita bila kuitazama. Akapiga magoti, akaweka bakuli kwenye kingo, na kwa mara ya kwanza akatoa salamu.

"Asalaam aleikum, wenye nyumba." Sauti yake ilishuka birikani ikarudi nzito zaidi. "Mimi Dorsaf binti Mukhtar. Kesho analetwa hapa mtu aliyekula haki ya baba yangu. Hakuwaletea kitu, mimi nimewaletea. Msimuue. Mkimuua atapumzika. Mfanyeni aombe atoke, na asipate sauti ya kuombea."

Kimya. Nzi hakuna. Bahari, iliyokuwa inapiga mawe hatua chache nje ya ukuta, haikusikika kabisa. Kisha kamba ya ndoo, iliyoning'inia bila ndoo tangu enzi, ikakakamaa taratibu, uzi baada ya uzi, kama vile mle chini mtu ameishika kwa mikono miwili na kuanza kupanda.

Dorsaf alikimbia. Hakukumbuka mguu gani ulitangulia.

Asubuhi bakuli lilikuwa mlangoni pa gereji, limeoshwa, limekauka. Ndani yake, juu ya samaki wa buluu, kulikuwa na konzi ya maua ya mchungwa, mabichi, yana umande. Ilikuwa Agosti. Michungwa iliacha kuchanua majira ya kuchipua.

Mahdia hakuna anayemrudishia jirani bakuli tupu. Dorsaf aliyachukua maua yale kama risiti.

*

Madam alikaa Dar Kmar hadi kahawa ilipoanza kuwa ya chumvi. Akabadilisha maji, akabadilisha sufuria, akabadilisha duka. Kila kikombe kilikuwa bahari. Kisha akasikia mitalawanda saa ya jua la utosi, ka, ka, ka, kutoka jikoni hadi chumbani kwake, ikasimama kitandani, upande wake. Alihamia hotelini na sanduku moja, akaapa hataingia mtaa ule tena hata kwa jeneza lake.

Ami alibaki. Watu wote walishaambiwa Laarusi amerudi rasini. Angewaambia nini sasa?

Siku alipompigia Dorsaf simu, hakuongea, alipumua tu. Dorsaf alivaa kanzu yake nzuri, akapaka na wanja. Kuna mambo mtu huenda kuyaona amevaa.

Mlango ulifunguka kiasi cha uso. Ami alikuwa amenyauka. Ngozi ya shingo ilining'inia kama mfuko uliomwagwa.

"Ingia," alinong'ona. "Usibamize. Amelala."

"Nani amelala, ami?"

"Baba yako."

Madirisha yalikuwa yamefungwa, jua limeingia kwa nyufa tu. Wakasimama uani. Mwanzo Dorsaf hakusikia kitu. Halafu ikaanza huko juu, taka-tak, taka-tak, sauti ya ubao wa kufumia ukivutwa na kurudishwa, mwendo uleule uliombembeleza usingizi tangu yuko mchanga, na katikati ya mwendo ule ukaja ukohozi, mkavu, mrefu, ukohozi unaoanzia magotini, ambao yeye na mama yake waliusikiliza gizani kwenye gereji kila usiku wakijifanya wamelala ili mgonjwa asione haya, na ambao tangu uzimike hakuna hata siku moja aliyopita bila kuutamani urudi, na sasa umerudi, uko hapo juu ya ngazi, ungetosha kupanda tu, kusukuma mlango, kusema baba.

Mguu wake ulikuwa umeshagusa ngazi alipogundua. Baba yake alikuwa akimaliza kukohoa anasema alhamdulillahi, kila mara, hata damu ikiwa mdomoni. Kilichokuwa juu kilimaliza kukohoa, kikanyamaza. Kikasikiliza.

"Ananiita kila saa hii," ami alinong'ona, kucha zake kwenye mkono wa Dorsaf. "Anataka nipande nisaini. Nikikataa sakafu inalowa. Binti yangu, mimi sitoki. Nimejaribu. Nikifika mlangoni miguu inalala. Niletee mtu. Niletee Ummi Salha."

"Ushenzi si uliuacha bandarini?"

"Yezzi, Dorsaf! Basi! Nakuomba."

Alilia. Dorsaf alimtazama, akangoja raha ije. Ikaja. Ilikuwa tamu kweli, tamu kuliko alivyofikiria, na ilikuwa na baridi katikati.

*

Ummi Salha, bibi wa ngoma na ubani, alifika kabla ya adhuhuri, mweusi tititi ndani ya shuka lake jeupe, chetezo mkononi. Alitia mguu wa kushoto, akasimama. Moshi wa ubani haukupanda. Ulijikunja, ukatambaa sakafuni kama maziwa, ukaingia birikani.

"Nani aliweka bakuli?" aliuliza.

"Sisi hatukuweka," ami alisema kutoka chini ukutani alikokaa. "Ndilo kosa langu, Ummi. Nitaweka, nitaweka hata mia."

"Wewe sikukuuliza." Bibi alimgeukia Dorsaf. "Lilirudi?"

Dorsaf aliinua kidevu. "Lilirudi."

"Na nini ndani?"

"Maua."

Ummi Salha alimshika kiwiko, akamvuta hadi pembeni. Sauti yake ilishuka. "Ulidhani unampa nani rushwa, mwanangu? Bakuli ni kujitambulisha. Mkono ulioliweka ndio mkono wa mwenye nyumba. Wamekupokea. Huyu wanamtesa kwa sababu ni mgeni ndani ya nyumba yako, wala hatoki mpaka wewe umwachie."

"Basi vizuri. Nyumba alinidhulumu yeye, nyumba anilipe yeye."

"Kmar naye alisema hivyo." Bibi alielekeza kidevu ukutani, upande wa bahari. "Watu wa mji huu wote wamezikwa pale rasini. Kaburi la kaka yake lipo, nimelipita leo. La Kmar umewahi kuliona?"

Dorsaf aliitafuta mitalawanda kwa macho.

"Yeye hakuwahi kutoka. Na amechoka, anangoja wa kumpokea kazi. Kuna njia moja. Simama mdomoni mwa birika, mwambie ami yako umemsamehe. Useme kwa sauti, na moyo uwemo. Kisha toka usigeuke. Ami yako atatoka nyuma yako, nami nitafunga mlango. Jua halijafika utosini. Sema."

Ami alikuwa ameshatambaa hadi miguuni pake. Alimkumbatia vifundo. "Nilikosa. Nilimdanganya Mukhtar, ni kweli, nilimdanganya akiwa kitandani. Nisamehe, binti yangu. Nimebeba hilo miaka yote."

Dorsaf alikwenda birikani. Maji yalikuwa juu kuliko alivyodhani, karibu na mdomo, na uso wake ulikuwa humo, na begani kwa uso wake kulikuwa na uso mwingine, wa mwanamke aliyechoka, unangoja kwa upole. Akafikiria shahada zake juu ya ufa. Akafikiria mama yake, dagaa, gereji. Nimekusamehe. Ni neno moja tu. Ulimi ulikuwa umeshalishika, limefika nyuma ya meno.

"Na tena," ami alisema kule chini, akijifuta kamasi, akiona mlango wa msamaha umeanza kufunguka, "alikuwa mgonjwa, maskini. Nyumba ingemsaidia nini? Angekufa tu."

Dorsaf aligeuka kutoka birikani.

"Rudia," Dorsaf alisema.

"Nasema tu kwamba—"

"Nyumba," alisema. "Andika jina langu. Leo. Halafu utoke kwa magoti kama yule mwenzako."

"Chukua! Chukua yote!"

"Dorsaf," Ummi Salha alisema.

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia." Bibi alizima chetezo kwa kiganja chake kikavu. Alionekana mzee ghafla. "Mimi humtoa mgeni, si mwenye nyumba. Hapa mgeni alikuwa mmoja, na anaondoka mwenyewe."

Ami aliandika, mkono unaruka, akatoka kwa magoti na viganja juu ya mawe ya moto hadi kwenye gari, mdomo umepinda upande, na kwa kila alilojaribu kusema kilitoka kikohozi. Dorsaf alisimama mlangoni mwake mwenyewe akamtazama hadi mwisho wa njia. Kisha akampigia mama yake simu, akasema, "Mama, njoo. Tumepata nyumba."

Upande wa pili Bi Mabruka alikuwa anasema, "Halo? Halo? Nani? Mbona nasikia maji tu?"

Dorsaf alitazama chini. Alikuwa na tambara mkononi, limelowa. Miguuni alikuwa amevaa mitalawanda, na ilimtosha kabisa.

*

Bi Mabruka aliisikia habari ya nyumba sokoni, akaja na sufuria ya kuskusi kichwani, akiita kuanzia njiani. Alikuta mlango wazi, sakafu imetoka kupigwa deki. Dorsaf alisimama mbele yake kiasi cha pumzi, akasema mama, niko hapa, mama, akamshika mashavu. Bi Mabruka alipangusa mashavu yake kana kwamba umande umemgusa.

Wakamtafuta. Polisi waliandika. Sokoni walisema amepanda boti za magendo kwenda Italia, kama vijana wengine wote wenye digrii na hasira, atapiga simu akifika, au bahari itamrudisha. Walimpa mama pole na kahawa. Yeye hakuamini. Mwanawe asingeondoka bila kumtukana mtu kwanza.

Na hivyo siku moja, mji umelala, paka wamejificha, Bi Mabruka alivuka njia peke yake katika jua la utosi. Dorsaf, aliyekuwa anarudi kinyumenyume na tambara lake, aliona kivuli cha mama yake kikiingia, na mbele ya kivuli, mikononi, lile bakuli la samaki wa buluu, limejaa, linang'aa mafuta.

"Mama, hapana."

Bi Mabruka alipiga magoti kwa shida. Alikuwa amevaa nguo nzuri. Wanja pia.

"Asalaam aleikum, wenye nyumba," alisema. Midomo iliyomwachia Mungu miaka yote ilikuwa imekaza kama ya mtu anayekata uzi kwa meno. "Mimi Mabruka binti Tijani. Laarusi alinila mume, nikanyamaza. Sasa amenila na mwana. Yuko kule Marseille, kitandani, wanasema anapata nafuu."

"Mama, usiweke! Mama, nimemsamehe! Sikia, nasema, nimemsamehe, nimemsamehe!"

Alikimbia, akateleza, akainuka, mitalawanda ikigonga vigae, ka-ka-ka-ka, ua mzima ukaitika. Bi Mabruka alisikia. Aligeuza kichwa kuelekea ule mlio, na usoni pake ikaja furaha ambayo Dorsaf hakuwahi kuiona tangu utoto.

"Mmekubali," alinong'ona. "Hata sijamaliza kusema."

Akaliweka bakuli kwenye marumaru, taratibu, kwa mkono wake mwenyewe. Kamba ikaanza kukaza.